Habari za Kaboni, Yaani Makaa

Leo twataka kuzungumza nanyi, ndugu zetu wa Masasi na Newala na wa kila mahali Kiswahili kisomwapo, habari za neno moja ambalo watoto hulileta nyumbani kutoka shuleni. Neno hilo ni kaboni. Mtoto akilitamka mbele ya bibi yake aliyeketi jikoni, yamkini bibi atamjibu, "Hayo ni mambo ya vitabu, mjukuu wangu, sisi hatuyajui." Kumbe wakati uleule vidole vyake vimepakwa kaboni, chungu chake kimepakwa kaboni, na kaboni yawaka kati ya mafiga yake matatu.

Basi kusudi letu ni kueleza maana ya neno hili, asili yake, na jinsi kitu chenyewe kilivyotumika katika maisha ya watu wa kusini tangu zamani hata sasa. Na mwisho tutasema jambo moja lihusulo uhai wa mtu, maana wako watu waliokufa usingizini ndani ya nyumba zao kwa sababu hawakujua kaboni ni nini.

Tuanze jikoni. Kiswahili kina maneno manne ambayo kila mpishi huyajua: kuni, makaa, masizi na jivu. Mwenye kuyafahamu vema maneno haya manne amekwisha kufahamu nusu ya habari yetu.

Kuni ni mti uliokatwa na kukaushwa. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kaboni hiyo haionekani, kwa sababu imeshikamana na vitu vingine, hasa hidrojeni na oksijeni, nazo ndizo hewa mbili ambazo zikiungana huwa maji. Mchomaji mkaa apangapo magogo na kuyafukia kwa majani na udongo, huwa ayanyima hewa makusudi, ili moto uyapike pasipo kuyala. Moshi mzito mweupe hutoka siku kadha wa kadha, nao umechukua maji na vitu vingi vya mti. Moshi ukiwa mwembamba, mchomaji hujua ya kuwa kazi imekwisha. Akifukua hukuta vipande vyeusi, vyepesi, vinavyolia kama kigae vikigongwa. Hayo ndiyo makaa, na sehemu kubwa yake ni kaboni.

Masizi nayo ni kaboni. Ni ile iliyoruka pamoja na moshi kabla ya kuungua, ikanata chini ya chungu na juu ya paa. Lakini jivu si kaboni. Jivu ni chumvi na madini ambayo mti uliyanyonya kutoka ardhini, na moto haukuweza kuyachoma. Wazee husema, "Moto huzaa jivu," nao hulisema neno hilo kwa mtoto asiyefanana na wazazi wake. Lakini tazameni jambo hili. Mtu akichoma mzigo mzima wa kuni, jivu lake hutosha kujaza kibuyu tu. Uzito mwingine wote umekwenda wapi? Swali hili liliwasumbua wenye elimu kwa muda mrefu, nasi tutalirudia.

Sasa tutazame neno lenyewe. Neno makaa ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wanyanja wa Ziwa Nyasa husema makala. Msidhani kwamba hilo ni sawa na makala ya gazeti, kwa kuwa neno la gazeti lilitoka Arabuni. Makala ya Wanyanja ni makaa yetu. Wao husema njala, sisi twasema njaa. Wao husema mvula, sisi twasema mvua. Basi mwaona ya kuwa Kiswahili kina desturi ya kuiangusha ile sauti ya L katikati ya neno, hivyo makala ikawa makaa. Msomaji wa Masasi au Newala na awaulize wazee wake jinsi walitajavyo kaa la moto kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera, kisha alilinganishe na Kiswahili. Ataona kwa masikio yake mwenyewe jinsi lugha zetu zilivyo za ukoo mmoja.

Huko Ulaya Warumi wa kale, waliosema Kilatini, waliliita kaa carbo. Mwaka 1787 wataalamu wa Kifaransa, miongoni mwao Guyton de Morveau na Antoine Lavoisier, walitoa kitabu cha kuvipa majina mapya vitu vyote vya asili vilivyokuwa vikichunguzwa. Walihitaji jina la kile kitu safi kilichomo ndani ya makaa, basi wakalichukua lile neno la Kirumi la jikoni, wakalifanya carbone. Waingereza wakasema carbon, na sisi tukalipokea kwao tukasema kaboni. Wadachi, waliotawala nchi hii mpaka wakati wa Vita Kuu vya mwaka 1914 hata 1918, hawakulitaka neno la Kirumi. Wao waliunda la kwao, Kohlenstoff, maana yake kitu cha makaa.

Hivyo kaboni si neno la kutisha. Mwenye kusema kaboni kwa kweli asema kaa, ila amelisema kwa kinywa cha Mrumi.

Lakini mbona waliona haja ya jina jipya? Sababu ni kwamba walikuwa wamegundua kitu hiki katika mahali wasipopatarajia. Mwaka 1772 Lavoisier aliweka almasi ndani ya chombo cha kioo, akaielekezea mwanga wa jua uliokusanywa kwa kioo kikubwa cha kukuza. Almasi ikaungua ikatoweka. Haikuacha jivu, ila hewa ya namna ileile itokayo katika makaa yanayowaka. Mwaka 1797 Mwingereza mmoja, Smithson Tennant, alipima kwa mizani akaonyesha ya kwamba almasi na makaa ya uzito mmoja, vikichomwa, hutoa hewa hiyo kwa kipimo kimoja. Basi lile jiwe la taji la mfalme na lile kaa la maskini ni kitu kimoja.

Sisi wa nchi hii tuna sababu ya kulikumbuka jambo hilo, kwa maana almasi yetu ni maarufu. Mwaka 1940 John Williamson alivumbua mahali penye almasi huko Mwadui, karibu na Shinyanga. Mwaka 1947 ikapatikana huko almasi ya rangi ya waridi, akapewa Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Jiwe hilo ni kaboni.

Kitu cha tatu cha ukoo huu ni kile ambacho mwanafunzi hukishika kila siku. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, huko Uingereza, walipata jiwe jeusi laini liachalo alama kwenye karatasi. Wakadhani ni namna ya risasi, yaani ile madini nzito ya kutengenezea risasi za bunduki. Mwaka 1779 mtaalamu wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba sivyo, bali ni ndugu wa makaa. Lakini makosa ya zamani yalikuwa yamekwisha kuingia katika lugha, na lugha haisahau upesi. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha baba zetu penseli iliitwa kalamu ya risasi, ijapokuwa hamna risasi ndani yake hata chembe. Ndani yake mna udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na kinywe, na kinywe ni kaboni. Changanyiko hilo lilibuniwa na Mfaransa Conté mwaka 1795.

Kinywe haiko mbali nasi. Katika wilaya ya Ruangwa, kaskazini ya Masasi, miamba imejaa kinywe, na katika miaka ya karibu makampuni yamekuja kuichimba, kwa kuwa hutumika katika betri za magari ya umeme na katika vyombo vya kuyeyushia madini. Mtu akiokota jiwe la huko likamwacha na vidole vyeusi vinavyong'aa na kuteleza, amekwisha kuishika.

Huenda msomaji akauliza, "Itakuwaje kitu kimoja kiwe kigumu cha kukata kioo, tena kiwe laini cha kuandikia?" Jawabu ni katika mpango wa chembe zake. Katika kinywe chembe za kaboni zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama karatasi za kitabu, na kila tabaka huteleza juu ya mwenziwe. Katika almasi kila chembe imeshikwa na wenzake pande zote, kama miti ya ukuta iliyofungwa kwa kamba imara. Matofali ni yaleyale, nyumba ni mbalimbali.

Hayo ni mambo ya wenye elimu wa Ulaya. Lakini msifikiri kwamba kazi ya kaboni ilianza kwao. Muda mrefu kabla ya mwaka 1787 wahunzi wa Afrika walikuwa wakiitumia kwa ustadi, wala hawakuwa na haja ya jina la Kirumi. Kasisi Yohanna B. Abdallah, Myao, katika kitabu chake cha habari za Wayao kilichopigwa chapa mwaka 1919, ameeleza habari za Wachisi, ukoo wa wahunzi waliotembea katika nchi ya Wayao wakiuza majembe yao. Mhunzi wa zamani alijenga tanuri la udongo, akatia mtapo, yaani mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka pamoja na makaa, kisha vijana wakavuta mivukuto.

Hapo makaa yalifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa joto kuu, zaidi ya digrii 1,100 za Sentigredi, ambalo moto wa kuni peke yake hauliwezi. Ya pili wengi hawaijui. Ndani ya mtapo chuma imeshikwa na oksijeni, kama ishikwavyo katika kutu. Kaboni ya makaa huinyang'anya oksijeni hiyo ikaenda nayo hewani, na chuma ikabaki peke yake. Tena kaboni kidogo, isiyofika kilo 2 katika kilo 100, ikiingia ndani ya chuma, huigeuza kuwa chuma cha pua, kigumu cha kutengenezea shoka na kisu. Basi jembe la babu zetu lilizaliwa na makaa, na katika makali ya panga letu la leo mna kaboni.

Na makaa hayo ya wahunzi yamekuwa mashahidi wa historia. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake, huko Chicago, walitangaza njia ya kujua umri wa kitu kilichokuwa hai zamani. Ndani ya kila mti ulio hai mna kaboni ya namna ya pekee, kidogo sana, ambayo mti huipata hewani. Mti ukifa hauipati tena, na ile iliyomo hupungua polepole kwa kipimo kisichobadilika, hata baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Mtaalamu akipima iliyobaki katika kipande cha kaa, aweza kukadiria mti ule ulikatwa lini. Kwa njia hiyo makaa yaliyofukuliwa katika matanuri ya kale ya Buhaya, karibu na Ziwa Victoria, yaliwaonyesha wachunguzi ya kwamba watu wa huko waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Kwa hiyo twawasihi wakulima: mkiwa mwalima mkakuta mavi ya chuma, vigae na makaa ya kale pamoja mahali pamoja, msiyatawanye. Mwambieni mwalimu au ofisi ya serikali iliyo karibu. Kaa moja lililolala mahali pake laweza kusema habari ambazo hakuna mzee aliyebaki wa kuzisimulia, lakini likiondolewa na kutupwa, linyamaza milele.

Kaboni imekuwa shahidi kwa njia nyingine pia, yaani kwa wino. Tangu China hata Arabuni, wino wa kale ulikuwa ni masizi yaliyokorogwa kwa maji na gundi ya mti. Na wino wa kupigia chapa vitabu ulikuwa ni masizi yaliyosagwa katika mafuta ya kitani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja kutoka Unguja, akipitia Lindi, pamoja na watu waliookolewa katika utumwa, nao wakakaa Masasi. Steere alikuwa mpiga chapa pamoja na uaskofu wake, na Unguja palikuwa na mtambo wa misheni wa kupigia chapa vitabu vya Kiswahili. Hivyo herufi za kwanza ambazo watoto wengi wa Masasi walizisoma zilikuwa masizi juu ya karatasi. Wino wa namna hii una sifa kubwa, ya kwamba haupauki kwa jua wala kwa miaka, maana kaboni haiozi.

Mwaka 1806 Mwingereza Ralph Wedgwood alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa karatasi iliyopakwa wino mweusi, ili mtu aandike mara moja apate barua mbili. Karatasi hiyo iliitwa ya kaboni, na ndiyo iliyolileta neno hili kwetu mapema kuliko mwalimu wa sayansi. Mtu wa Newala asiyejua lolote la Lavoisier alijua vema kaboni ya karani. Karani alitia karatasi ile nyeusi kati ya kurasa mbili za kitabu cha stakabadhi, akaandika kwa kukaza mkono uzito wa korosho za mkulima, kisha akachana ukurasa mmoja akampa. Maandishi ya juu na ya chini yalikuwa sawa, kwa hiyo hapana aliyeweza kugeuza hesabu pasipo kujulikana.

Korosho ndizo mali ya uwanda wa juu wa Makonde na ya Masasi. Katika msimu wa mwaka 2007 na 2008 ulipoanzishwa mkoani Mtwara mpango wa stakabadhi ghalani, karatasi ya mkulima ilizidi kuwa na thamani, maana korosho zimekaa ghalani na mkononi mwake amebaki na karatasi tu. Leo mashine zimechukua kazi ya karani mahali pengi. Lakini mafundisho ya karatasi nyeusi yabaki palepale: usiondoke mizanini pasipo nakala yako, na ukiipata iweke mahali pakavu.

Kuna kaboni nyingine ambayo watoto wa vijijini waliijua kwa michezo. Betri za redio na tochi za namna ya kale zikiisha nguvu, mtoto huzipasua akatoa kijiti cheusi cha katikati, akachorea ukutani. Kijiti hicho ni kaboni, na kazi yake ni kupitisha umeme. Hata simu za zamani zilikuwa na punje za kaboni nyuma ya kile chombo cha kusemea. Sauti ya mtu ilizibana na kuzilegeza punje hizo, na umeme uliopita katikati yake ukaongezeka na kupungua kwa kufuata sauti. Hivyo mazungumzo ya mbali yalipitishwa katika makaa. (Wazazi wasiwaache watoto kupasua betri, maana dawa iliyo ndani yake huchoma ngozi na macho.)

Sasa turudi kwenye lile swali letu la jivu. Kuni zikiungua, kaboni yake imekwenda wapi? Imeungana na oksijeni ya hewa, ikawa hewa isiyoonekana iitwayo kabonidioksidi, ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi yaitwa pia hewa ya ukaa. Neno hilo latupendeza sana. Waswahili walilichukua lile neno kaa la mafiga, wakaliongezea herufi moja mbele, wakapata ukaa, kwa namna ileile wazungu walivyofanya kwa neno la Kirumi. Asemaye hewa ya ukaa na asemaye kabonidioksidi wote wamesimama jiko moja.

Hewa hii twaitoa puani kila tuvutapo pumzi, kwa sababu chakula chetu kina kaboni, nacho huungua polepole ndani ya mwili. Miti nayo huivuta kwa majani, na kwa nguvu ya jua huitenga ile kaboni ikajenga shina, tawi na tunda. Mkorosho hauli udongo, kama watu wengi wadhanivyo. Sehemu kubwa ya mwili wake umeijenga kwa hewa. Kwa hiyo mwenye kuchoma mti huirudisha hewani kaboni ambayo mti uliikusanya kwa miaka mingi.

Makaa ya mawe ni miti na majani ya zama za kale mno, yaliyofukiwa na kukandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Watu wa Masasi huyaona yakipita, maana malori huyaleta kutoka machimbo ya Mbinga, mkoani Ruvuma, yakapita Tunduru na Masasi mpaka bandari ya Mtwara, na kazi hiyo imeongezeka sana katika miaka ya karibu. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kuchoma makaa hayo kwa wingi, katika sehemu 1,000,000 za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Leo zimezidi 420. Hewa hii huzuia joto la ardhi lisiondoke upesi, kama blanketi, na ndiyo sababu dunia yazidi kupata joto. Viwanda vikubwa vya nchi za mbali vina sehemu kubwa ya deni hili kuliko jiko la mkulima. Lakini nasi tuna letu, maana katika kilo 100 za kuni mchomaji wa kawaida hupata yamkini kilo 15 za makaa, au 20 akiwa fundi hodari. Gunia moja la makaa ni miti mingi iliyokatwa. Akatae apande, na achomaye ajifunze kuchoma vizuri.

Limebaki lile neno tuliloahidi. Uwanda wa Newala uko juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Wakati huo mtu huona vema kuingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Aona makaa ni mekundu, hayana moshi wala mwali, basi adhani hayana madhara. Hapo ndipo alipokosea. Kaboni ikiungua mahali pasipo hewa ya kutosha, haipati oksijeni ya kuitosheleza, ikatoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia kifuani hushikamana na damu, ikachukua mahali pa oksijeni, na mwili ukakosa pumzi ijapokuwa mtu bado avuta pumzi. Kwanza kichwa humwuma, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vikalegea. Aliyelala haoni hata dalili hizo. Asubuhi majirani huvunja mlango, wakamkuta yeye na watoto wake wamekufa, na pengine wakaanza kumtafuta mchawi. Mchawi yumo katika jiko, na jina lake twalijua.

Basi shikeni haya. Jiko la makaa liwashwe nje, na makaa yakiisha kuwa mekundu yasiingizwe chumba cha kulala hata kidogo. Mwenye kupikia ndani na aache mlango na dirisha wazi. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha kwanza, mtoe nje penye hewa safi, kisha umpeleke hospitali upesi. Usikae ndani kumhoji, usije ukaanguka wewe nawe.

Na wewe mwanafunzi, ukirudi nyumbani bibi yako akakuambia kwamba kaboni ni mambo ya vitabu, usimcheke. Shika kipande cha kaa, umwonyeshe, umwambie, "Ni hiki, bibi. Wewe ulikijua kabla yangu. Mimi nimefundishwa jina lake la pili tu." Kisha kabla hamjalala, litoeni jiko nje.